Si Lazima Nyumba Ing'ae Ndipo Masomo Yaanze

Wazazi wengi wanaofundisha watoto nyumbani huamini kwamba kazi za nyumba ziishe kwanza, ndipo vitabu vifunguliwe. Mpango huo hukwama kwa sababu nyumba yenye watoto wadogo haiishi kazi. Unafagia sebule, huku jikoni maji yanamwagwa. Ikifika saa tano asubuhi mtoto amechoka, nawe umechoka zaidi.

Geuza mpangilio. Mtoto wa miaka 5 hadi 7 hatulii na somo moja kwa muda mrefu. Dakika 10 hadi 20 zinamtosha. Akifundishwa peke yake hahitaji siku nzima ya darasani, kwani shuleni muda mwingi huishia kwenye foleni, kuita majina na kusubiri wenzake. Kusoma dakika 15, hesabu 15, kuandika 10, kisha asomewe hadithi. Anzeni mara baada ya kifungua kinywa, kabla vitu vya kuchezea havijatapakaa.

Kinachohitaji usafi ni meza moja tu. Penseli, kifutio, daftari na kitabu vikae kwenye kikapu kimoja, maana kinachovuruga somo mara nyingi ni kutafuta kifutio, wala si vumbi la sakafuni. Nguo ziloweke kabla ya somo, uzifue baadaye. Mdogo asiyesoma bado mpe vibakuli vya plastiki, usimpe simu: mkubwa naye ataikodolea macho.

Usafi wenyewe fanyeni pamoja, dakika 10 kabla ya chakula cha mchana. Sema "okota vitabu vyote", si "safisha chumba". Agizo hilo la pili mtoto wa miaka 5 hajui aanzie wapi.