Uso unatazama wapi, fimbo inakwenda wapi

Mzee mmoja ninayemfundisha gofu hapa Mombasa alinijia amekata tamaa na draivu yake, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Mpira ulikuwa ukianza kushoto kidogo, unapaa vizuri, halafu unakata kulia na kuishia vichakani. "Kocha, kila siku nazidi kulenga kushoto," akaniambia, "na kila siku unazidi kupinda." Alikuwa anasema kweli tupu, na sababu yake ni ya jiometria.

Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya milisekunde. Sekunde moja igawe mara elfu mbili, ndio muda huo. Mpira haujui uliinuaje mikono wala ulizungushaje kiuno. Unachojua ni uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi, kichwa cha fimbo kilikuwa kinasafiri kwenda wapi, na uligongwa na sehemu gani ya uso ule.

Mimi nilifundishwa kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea uso unakotazama. Wengi bado wanafundishwa hivyo, na linaniuma, kwa sababu mwanafunzi anayeamini hilo hurekebisha kitu kisicho na kosa. Mwanafizikia Theodore Jorgensen wa Chuo Kikuu cha Nebraska alilieleza vizuri miaka ya 1990, na baadaye mashine za rada kama TrackMan zikalipima: mpira huanza karibu kabisa pale uso unapotazama. Kwa draivu, uso huchangia kama asilimia 85 ya mwelekeo wa mwanzo. Kwa fimbo za chuma, kama 75. Njia ya fimbo hufanya kazi yake baadaye. Ikitofautiana na uso, mpira hutoka ukizunguka kwa mhimili ulioinama, nao hupinda kwa kuikimbia njia. (Naandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze pande.)

Sasa mtazame mzee wangu. Tuseme uso wake ulitazama digrii 2 kushoto ya lengo, na fimbo ilikuwa ikipita digrii 6 kushoto. Mpira lazima uanze kushoto, lazima ukate kulia. Akizidi kulenga kushoto huku mikono ikijitahidi kuuelekeza uso kwenye bendera, ile tofauti ya digrii 4 inakuwa 7 au 8. Dawa yake ndiyo ilikuwa ugonjwa.

Jaribio la kujua uso wako ulikuwa wapi halihitaji rada. Chomeka kijiti ardhini mita 3 mbele ya mpira, kwenye mstari wa lengo, kisha piga. Umbali huo mpira bado haujaanza kupinda, na kila digrii moja ya kukosea ni kama sentimita 5. Ukipita upana wa kiganja kushoto ya kijiti, uso ulikuwa digrii 2 kushoto. Digrii moja ni ndogo kuitamka, lakini ukiwa mita 200 imeshakuwa mita 3 na nusu.

Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote ni hili: mbona aironi namba 7, mojawapo ya zile fimbo za chuma, inanyooka na draivu inakata, na mtu anazungusha vilevile? Chukua ringi ya baiskeli, isimamishe sakafuni mbele yako, kisha iinamishe ikuegemee. Ndivyo kichwa cha fimbo kinavyozunguka. Pitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto. Kabla ya kufika chini kabisa, kidole kinashuka na papo hapo kinakwenda mbali nawe. Kikishapita pale chini, kinapanda na kurudi upande wako. Mpira wa aironi hugongwa fimbo ikiwa bado inashuka, kwa hiyo njia inasogea kulia: ukishuka digrii 4, inasogea kulia kama digrii 2. Mpira wa draivu uko juu ya tii, kile kigingi kidogo cha kuuinulia mpira, mbele zaidi, nao hugongwa fimbo ikipanda, kwa hiyo njia inasogea kushoto. Mzunguko ni uleule, njia mbili. Isitoshe uso wa draivu umesimama wima zaidi, hivyo tofauti ileile ya digrii huinamisha mhimili zaidi.

Yote hayo yanahesabika kama umegonga katikati. Nyunyiza poda kwenye uso wa draivu uone alama. Mpira ukigongwa kwa kisigino, upande wa shina, uso na mpira huzungushana kama gia mbili, na mpira hukata kulia hata kama njia na uso vilikubaliana. Ukigongwa kwa ncha, hukata kushoto.

Wageni kutoka Nairobi nao huamini wameharibika njiani. Kule juu, mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi na kosa hupinda kidogo. Huku baharini hewa nzito inalionyesha lote.

Mzee tulimkuta ameuweka mpira mbele mno, karibu kuupita mguu wa kushoto, na alama ya poda iko kisiginoni. Tukaurudisha mpira upana wa vidole vitatu, tukaigeuza miguu yake kulia kidogo. Mpira wa kumi na mbili ulipita ukikaribia kukigusa kijiti, na hakuna aliyesema neno mpaka ulipotua.