Bledi ya Kabaidi Hainolewi kwa Grenda

Wiki hii nimeletewa tena bledi ya msumeno wa mviringo, ya meno 60 ya kabaidi, iliyonolewa kwa grenda ya mkononi, na mwenyewe anauliza kwa nini sasa inaunguza mbao kuliko ilipokuwa butu. Mafundi wenzangu, naomba tuelewane: jino la kabaidi si chuma. Ni chembe za kabaidi ya tangsteni zilizoshikamanishwa kwa kobalti, na kipande hicho huunganishwa na bledi kwa aloi ya fedha. Tupa huteleza juu yake, na jiwe la kijivu la grenda hulipasha moto na kulila ovyo bila kulitia makali. Kinachofaa ni jiwe la almasi.

Hata hivyo almasi peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapokereka. Watu hudhani kunoa ni kutia makali tu, ilhali kazi ngumu ni kuyafanya meno yote yalingane. Jino moja likizidi mengine kwa sehemu ya kumi ya milimita, hilo ndilo hubeba mzigo wa wenzake na kuuchora ubao. Isitoshe, jino huwa pana nchani na jembamba kuelekea kitovu cha bledi, kwa hiyo kila unapolipunguza utosini, nafasi ya bledi kupita ndani ya mbao hupungua, mpaka ubavu wake uanze kusugua. Moshi unaouona hutoka hapo. Mashine hunoa kila jino kwa pembe ileile na kina kilekile. Mkono hauwezi, hata wangu.

Kabla ya yote, safisha. Mbao za msindano za shamba la miti la Sao Hill zina utomvu unaogandia menoni. Loweka bledi katika mafuta ya taa, sugua kwa brashi, na huenda ikarudi kazini bila kunolewa.

Vitabu hukataza jino kunolewa kwa mkono hata kidogo. Mimi nina shaka na katazo hilo: kinoo bapa cha almasi, kikilala sawasawa kwenye uso wa jino na kupitishwa mara nne kwa kila moja, huihuisha bledi ya kupasulia ya meno 24. Lowesha kinoo na uvae barakoa, kwa kuwa vumbi la kobalti hudhuru mapafu. Bledi ya meno 80 ya kumalizia sithubutu kuigusa hivyo, na jino lililomeguka ni la kupelekwa kwa mwenye mashine.

Ile ya meno 60 nimeirudisha bila kuinoa, kwa sababu meno saba yameliwa sana na grenda, na ningelazimika kuyapunguza 53 yaliyobaki ili yalingane nayo.