Usiniulize mchepuo gani unalipa

"Shikamoo kaka. Nipo mwaka wa kwanza IT, mwakani tunachagua mchepuo. Nasikia usalama wa mtandao ndio unalipa. Niende huko?"

Marahaba. Ujumbe huu naupata kila msimu, kinachobadilika ni jina la mchepuo tu. Kuna kipindi kila mtu alitaka kutengeneza aplikesheni za simu, kikaja cha blokcheni, sasa ni usalama na akili mnemba. Wakati mwingine anapiga baba mtu mwenyewe, na kwake swali linakuja na hesabu ya ada aliyolipa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Mchepuo haulipi. Inayolipa ni kazi, na matangazo mengi ya kazi zetu yanasema vilevile: shahada ya teknolojia ya habari, sayansi ya kompyuta au inayolingana nayo. Ninapokaa kwenye usaili sifungui matokeo yako kutafuta masomo ya hiari ya mwaka wa tatu. Nakupa laptopu yenye tatizo.

Tatizo nilipendalo ni dogo sana. Laptopu ipo kwenye mtandao. Ukiping (ukiibishia hodi) anwani ya IP ya nje, yaani namba ya mashine iliyoko kwenye intaneti, inajibu vizuri. Ukiandika jina la tovuti, haifunguki. Shida nini? Aliyewahi kuhangaika na mtandao wa kweli atasema DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, kabla sijamaliza kuuliza, kisha atataka kuona laptopu imepewa seva gani ya majina. Anayekuja na cheti cha usalama na picha ya mtu mwenye kofia ya sweta kwenye wasifu wake ananiambia tumedukuliwa. Kuna mmoja aliomba kwanza aruhusiwe kusakinisha Kali Linux, mfumo endeshi uliojaa zana za udukuzi.

Hapo ndipo ninapokosa uvumilivu, kwa hiyo mnivumilie ninyi. Usalama si somo linalojitegemea. Ni usalama WA kitu. Faiwoli ni orodha ya kanuni zinazosema pakiti hii ipite, ile izuiwe. Kama hujui pakiti, kile kipande cha data, inatoka wapi, inakwenda mlango (port) gani na jibu lake linarudije, utabaki kunakili kanuni za mtu mwingine na kuomba Mungu. Kulinda seva ya Linux ni kujua ruhusa za mafaili, huduma zipi zinawaka zenyewe mashine ikiwashwa, logi, yaani kumbukumbu za matukio, zinaandikwa wapi. Shambulio la kuingiza SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, kwenye fomu huwezi kulielewa kama hujawahi kuandika SQL yako mwenyewe ikakukatalia. Mwanafunzi anayerukia usalama akiwa amepita mitandao kwa desa za kukariri na mifumo endeshi kwa sup, mtihani wa marudio, anajifunza majina ya zana. Zana zinabadilika. TCP/IP, kanuni ambazo kompyuta huzungumza nazo mtandaoni, ilianza rasmi kwenye mtandao mama wa intaneti tarehe 1 Januari 1983, na bado ndiyo inayobeba huu ujumbe unaousoma.

Halafu kazi yenyewe. Mnadhani ni kukaa gizani mkiwinda wadukuzi. Siku nyingi za mtu wa usalama kwenye taasisi ya kawaida ni kupitia orodha ya watumiaji na kuuliza kwa nini mzee aliyestaafu bado ana akaunti yenye haki zote. Ni kuwabembeleza watu wa idara wakubali seva izimwe usiku iwekewe masasisho. Ni kujibu mkaguzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, tarehe 1 Mei 2023, sehemu kubwa ya kazi ni maandishi: taarifa gani za wateja tunazo, ziko wapi, nani anaziona, tunazifuta lini. Kazi muhimu mno, na kuna watu wanaipenda. Ila kama unachukia kuandika ripoti, umeambiwa mapema. Na kwa wanaofanyia mazoezi kwenye mifumo ya watu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa hata kama hukuiba chochote. "Nilikuwa najifunza" haimo kwenye orodha ya utetezi.

Kama bado huniamini, kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama, CrowdStrike, ilisambaza faili moja bovu la masasisho, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zikaanguka kwenye skrini ya bluu. Ndege zikakaa chini. Hakukuwa na mdukuzi hata mmoja. Dawa ilikuwa kuiwasha mashine katika hali salama, kuingia folda ya CrowdStrike ndani ya ile ya madereva (drivers), kufuta faili linaloanza na C-00000291, kuwasha upya. Ni dakika chache tu. Lakini ile ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, ilidai kwanza ufunguo wa tarakimu 48, kila mashine na wake, na zipo sehemu ambako funguo hizo zilihifadhiwa kwenye seva ambayo nayo imeanguka. Waliozunguka meza kwa meza siku ile, kibodi mkononi, ni watu wa mifumo na wa dawati la msaada, wale ambao mchepuo wao mnauita wa kurekebisha printa.

Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 12 Mei, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Waliokuwa na la kufanya ni watu wa uelekezaji, wenye kujua BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuelekezana njia, na njia mbadala zilizobaki. Siku ile hakuna aliyesema mitandao haina soko.

Sayansi ya data nayo ina ndoto zake. Mtu anakuja akidhani atashinda anafunza mashine. Mimi nimpe jedwali la wateja lenye namba za simu: hizi zinaanza na 07, zile na 255, nyingine na +255, nyingine zina nafasi katikati, na kuna zilizopita kwenye Excel zikapoteza sifuri ya mbele au zikageuka 2.56E+11 kisha mtu akabonyeza hifadhi. Mteja mmoja anahesabiwa mara tatu. Ripoti ya mkurugenzi inasema tumekua. Hiyo ndiyo data, na kabla hujasafisha takataka hiyo, modeli yako ni pambo. Na ukishasafisha, kuna takwimu: uwezekano, sampuli, kujua kwa nini wastani umekudanganya. Waliokimbia hisabati wakaja IT, halafu ndani ya IT wakachagua sayansi ya data, sijui niwaambie nini.

Kanzidata yenyewe, mchepuo ambao hakuna mtoto anayeutamani, inasimama juu ya wazo ambalo Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alilichapisha mwaka 1970: data ipangwe kwenye majedwali yanayohusishwa. Bado linalisha watu. Mimi mmojawapo.

Uundaji wa programu nitaupita haraka: kama unaandika msimbo hata usipotumwa, nenda, kama hujawahi kumaliza kitu kisichodaiwa na mhadhiri, fikiri tena. Mifumo ya habari ya biashara inadharauliwa bila sababu. Anayeweza kukaa na mhasibu, akasikia anachokitaka, akakiandika mpaka mtu wa programu akielewe, huyo anagombaniwa, kwa kuwa wa aina yake wapo wachache.

Kingine kinachonichosha ni imani kwamba majina haya yameshuka kutoka mbinguni. Mwaka 2005 vyama vya kitaaluma, ACM na IEEE vikiwa mbele, viliigawa taaluma yetu mafungu matano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Toleo la 2020 likaongeza usalama wa mtandao na kuingiza sayansi ya data. Wewe unasoma miaka mitatu au minne. Ukichagua kwa soko la leo, unauza mwaka ambao hujauona.

Sasa, ushauri wangu mwenyewe una matundu, na sitaki uyagundue ukiwa umeshachelewa. La kwanza: neno "usalama" kwenye cheti linafungua milango fulani. Benki ikiwa na pengo ambalo mkaguzi ameliandika kwa wino mwekundu, ofisa rasilimali watu atatafuta neno hilo kwenye wasifu, na mtu wa mitandao anayejua zaidi hataitwa. Si haki, ila hutokea. La pili linaninyima raha zaidi. Siku zote nawaambia vijana waanzie chini: dawati la msaada, kurekebisha hitilafu ndogo, kuandika vipande vidogo vya programu. Ndizo kazi hizohizo ambazo akili mnemba inazimega kila uchao. Inawezekana nawaelekeza kwenye ngazi ambayo vidato vyake vya chini vinang'olewa. Mimi bado naamini anayejua mashine inavyofanya kazi ndiye atakayegundua jibu la akili mnemba lilipokosea, lakini hiyo ni imani, na anayekuapia kwamba ana uhakika mara nyingi ana kozi ya kukuuzia.

Basi unachagua vipi? Acha jina la mchepuo, omba orodha ya masomo. Kuna mchepuo unaoitwa usalama ambao ndani yake masomo ya maabara ni mawili na yaliyobaki ni sera na maadili. Kuna mwingine unaitwa mitandao tu, na ndani yake mna Linux, faiwoli na uelekezaji wa kutosha. Watafute wa mwaka wa tatu, uwaulize ruta na swichi za maabara mnazigusa au mnaonyeshwa kwenye slaidi. Uliza nani anafundisha, maana mwalimu anayekubali kubaki maabara saa kumi na mbili jioni ana thamani kuliko kichwa cha habari cha mchepuo wowote. Kisha jiulize ni tatizo la aina gani lilikufanya usahau kula. Wengine ni swali la SQL linalochukua dakika nzima ilhali lingechukua nukta moja. Wengine ni kebo.

Na wewe mdogo wangu uliyeniuliza, kama bado moyo uko kwenye usalama, chukua. Sikukatazi. Ila masomo ya hiari jaza mitandao ya juu na mifumo endeshi, hata kama wenzako wanayakimbia kwa ajili ya GPA. Bumu (hela ya mkopo) likiingia, kabla hujalipia mtihani wa cheti unaotozwa kwa dola, nunua RAM ya kutosha kuendesha mashine pepe tatu, kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta, kwenye laptopu yako, zifanye zizungumze, kisha ziharibu kusudi. Fomu ya field, yale mafunzo ya vitendo kazini, ikiuliza unataka kitengo gani, andika dawati la msaada. Watakushangaa, lakini huko nafasi huwa hazijai.