Kabla ya Kuhesabu Alama, Msikilize Mzee Akisoma

Mzee akiletwa kwangu kupimwa kumbukumbu, humwomba kwanza anisomee aya moja kwa sauti. Miaka ya darasani nitaiuliza baadaye, maana hudanganya. Yupo aliyekaa shuleni miaka minane akatoka bado anababaisha silabi, na yupo aliyejifunza ukubwani, hana cheti, lakini gazeti analisoma bila kukwama.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2002 mtafiti Jennifer Manly na wenzake, huko Marekani, waliwalinganisha wazee weusi na weupe waliosoma miaka sawa. Weusi walipata alama za chini katika vipimo vya kumbukumbu na fikra, lakini uwezo wa kusoma ulipozingatiwa, sehemu kubwa ya pengo hilo ilitoweka.

Kipimo cha MMSE, cha kupima kumbukumbu na fikra, kilichotungwa mwaka 1975 na chenye alama 30, kina agizo la maandishi: fumba macho. Mtu husoma, kisha hutenda. Bibi mmoja alilisoma mbele yangu huku kidole kikitambaa chini ya herufi: fu-mba, ma-cho. Akainua uso, akasubiri. Nguvu zake zote zilikuwa zimeishia kwenye kuunganisha sauti, maana ikapotelea njiani. Nilipomwambia kwa mdomo, alifumba papo hapo. Alama hiyo angeikosa kwa sababu ya kusoma, wala si kwa sababu ya ubongo kuugua. Nacho kipimo kingine cha aina hiyo, MoCA, humwongezea alama moja aliyesoma miaka 12 au pungufu. Kwa asiyejua kusoma kabisa, hiyo ni fidia hafifu mno.

Wenzetu wa Kiingereza wana kipimo cha kusoma kiitwacho NART, cha mwaka 1982: maneno 50 yasiyotamkwa kama yalivyoandikwa. Dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na fikra, inapoanza, matamshi hayo mara nyingi hubaki, hivyo huonyesha uwezo wa mtu kabla hajaugua. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtego huo hatuna. Mimi husikiliza mtiririko, kisha namwomba mzee anieleze alichosoma. (Miwani kwanza, tafadhali! Mtoto wa jicho amewahi kuitwa usahaulifu.)

Kwa hiyo mnapomleta mzazi wenu, niambieni alivyokuwa akisoma zamani. Kama alikuwa akimaliza ukurasa na kuwasimulia, na sasa anarudia mstari uleule mara tatu bila kushtuka, nianzieni hapo.