Mshale wa Spidi Ukimdanganya Rubani

Abiria wanaosubiri ndege Kigoma huniuliza sana: ile riboni nyekundu inayoning'inia karibu na pua ya ndege ni ya nini? Ni ya kifuniko cha mrija mdogo, unene wa kidole, unaotazama mbele. Sisi tunauita pitoti. Hewa inayouingia ndiyo inayoieleza ndege inakwenda kasi gani, na nyigu nao wanaupenda. Nawasema wale wale wanaojenga kwa udongo kwenye tundu la kitasa nyumbani kwako.

Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Watu wote 189 walikufa. Pitoti moja ilikuwa imeziba, na wachunguzi waliwashuku nyigu. Mshale wa kapteni ulionyesha ndege inakimbia kupita kiasi. Otopailoti, mtambo unaoirusha ndege wenyewe, ikauamini, ikainua pua ili kupunguza kasi, kumbe kasi yenyewe ilikuwa inaisha. Mshale wa rubani msaidizi, upande wa pili wa chumba hicho hicho cha marubani, ulikuwa unasema kweli.

Ndege nyingine hufanya kinyume: vipimo vikigombana, otopailoti hujizima na kumrudishia rubani usukani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Airbus ya Air France juu ya Atlantiki, tarehe 1 Juni 2009. Barafu iliziba pitoti kwa takriban dakika moja tu. Lakini pua ilivutwa juu, mabawa yakapoteza uwezo wa kuibeba ndege, na dakika nne na ushee baadaye watu 228 walikuwa wamekufa.

Kwa hiyo tunamfundisha rubani nini? Kwanza, asikurupuke. Ndege haianguki kwa sababu mshale umekosea. Anazima otopailoti kama haijajizima, anaweka pua kwenye nyuzi za mwinuko anazozijua kichwani na injini kwenye nguvu anayoijua, basi. Pua na nguvu vikiwa sawa, kasi itakuwa sawa hata kama hakuna anayeisoma. Hapo ndipo wanalinganisha: mshale wangu, wako, na ule wa akiba. Mmoja anarusha, mwenzake anasoma kitabu cha dharura kwa sauti. Muongoza ndege ataambiwa baadaye. Mnara hauibebi ndege. Abiria mtatangaziwa mwisho kabisa, na ule ukimya msiuogope.

Kuna mtego mwingine ambao wakazi wa hapa wataelewa upesi. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakishatawanyika ziwani na taa zao, kwa aliye angani maji na mbingu havitofautiani. Taa zinageuka nyota. Sikio la ndani nalo linadanganya: ndege ikipinda taratibu, mwili unahisi imenyooka. Rubani ambaye kipimo chake cha mlalo, kile kinachoonyesha kama ndege imeinama au imenyooka, kimekufa hana ruhusa ya kuangalia nje na kukisia. Anahamia kwenye kile cha akiba, chenye umeme wake, hata kama mwili mzima unampinga. Zoezi hili huwatoa jasho hata wakongwe, tena wakiwa ndani ya simuleta, chumba cha mazoezi kinachoiga ndege, iliyofungwa sakafuni.

Kabla ya kuruka, rubani huizunguka ndege kwa miguu. Mtazame akirudi. Riboni anazoshika mkononi anazihesabu, na zikipungua moja anarudi kuitafuta, hata kama ninyi mmeshapanda na mnalalamikia joto.