Kinachowaangusha sio ada, ni hela ndogo kabla ya ada

Mwaka wa kumi na moja huu nakaa na vijana wa hapa Moshi wanaoomba kusomea udaktari, ufamasia na unesi, na kila mwaka wazazi wananiuliza hilo hilo, mwalimu ada shilingi ngapi? Nawaelewa kabisa, udaktari ni miaka mitano alafu mwaka mmoja wa intanshipu, na vyuo vya binafsi ni milioni kadhaa kila mwaka, lazima mtu aogope. Ila wengi niliowaona wakipotea hawakufika hata kwenye ada. Walikwama nyuma huko, kwenye elfu thelathini.

Iko hivi. Kuomba chuo na kuomba mkopo ni safari mbili. Chuo unaomba kwenye chuo chenyewe, na kila chuo kina hela yake ya maombi, kwahiyo mwenye hela anaomba vitano na asiyenayo anaomba kimoja tu na kusali. Mkopo unaomba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile ya serikali, mtandaoni, 30,000 kwa kontro namba. Alafu uprinti fomu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri, wakili au hakimu asaini, upate mdhamini mwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, ndo uskani kila kitu upandishe kwenye mfumo. Mtoto wa mjini siku mbili kamaliza. Mtoto anayetoka Rombo ndani ndani huko kila muhuri ni nauli, na akikuta mwenyekiti kaenda msibani ni nauli nyingine kesho.

Na hapa ndo pananiuma: umaskini wenyewe unadai karatasi. Bodi haijawahi kufika kwenu, inakujua kwa ulichopandisha basi. Kuna kijana alinijia na bibi yake anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni, vyeti vyote viko kwenye mfuko wa nailoni umekunjwa mara tatu, matokeo mazuri sana ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Baba alifariki yeye akiwa darasa la pili. Nikaomba cheti cha kifo, bibi akanitolea kibali cha mazishi, kimechakaa mpaka maandishi hayasomeki, amekitunza miaka yote hiyo akijua ndicho chenyewe. Bila cheti cha kifo kilichohakikiwa, kwenye mfumo yule kijana ni mtoto mwenye baba. Tulihangaika wiki tatu na tukawahi dirisha la maombi likiwa limebakiza siku nne.

Wengine ni waliosomeshwa na wafadhili, na Moshi na Arusha hawa ni wengi mno, kanisa au mzungu alimlipia shule ya binafsi toka form one. Mfadhili akaishia form six. Sasa Bodi inaangalia pia shule uliyosoma na ada yake, kwahiyo huyu anaonekana kwao wanazo wakati nyumbani hata umeme hakuna. Anatakiwa awe na barua ya aliyemfadhili, na mfadhili akishaondoka kumpata ni kazi, ndo maana nawaambia hiyo barua ichukueni akiwa bado analipa.

Alafu kuna mlima, Kilimanjaro. Matokeo ya form six yanatoka mwezi wa saba na msimu wa wageni ndo umechanganya, vijana wanapanda kama wagumu, wabeba mizigo ya wageni, watafute hizo hizo hela za fomu. Njia ya Machame ni siku sita au saba, mtandao wa kubahatisha. Mmoja alichaguliwa vyuo viwili, akatakiwa athibitishe kimoja kwa namba inayotumwa kwenye simu, simu kaiacha kwa dada yake Kiboriloni imezimwa. Aliposhuka muda umepita. Alikua na hela ya kila kitu mfukoni siku hiyo.

Anayesema ngoja nifanye kazi kwanza nitaomba baadae namuomba afikirie vizuri, mkopo wa digrii unataka uwe umemaliza form six ndani ya miaka mitano, na miaka mitano ya kubangaiza inaisha haraka jamani. Na kama pointi hazijatosha udaktari usikate tamaa, toka 2023 mikopo inatolewa mpaka ngazi ya diploma na kozi za afya zimo, zamani diploma ulikua unajilipia mwenyewe mwanzo mwisho.

Kama una mtoto form five au six sasa hivi, leo jioni toa vyeti vyote mezani. Angalia jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha form four kama yanafanana herufi kwa herufi. Aliyefiwa na mzazi na ana kibali cha mazishi tu aanze kufuatilia cheti wiki hii, asisubiri matokeo. Mimi Jumamosi asubuhi nipo, njooni na hivyo vibali hata kama vimechanika, tutajaza wote.