Dripu na Sindano za Mshipani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mgonjwa akitoka kwa daktari na vidonge tu, mara nyingi hunung'unika kwamba hakutibiwa. Akitundikiwa dripu, hata kama ni maji ya chumvi matupu, anarudi nyumbani ameridhika. Uzushi mwingi kuhusu dawa za mshipani unaanzia hapo.

Dhana: Sindano ya mshipani ina nguvu kuliko kidonge

Mshipa ni mlango tu. Dawa ikishafika kwenye damu, mwili hauulizi ilipitia wapi. Kinachotofautiana ni kiasi kinachofika na kasi ya kufika. Kidonge kinayeyuka, kinafyonzwa na utumbo, kisha damu inayotoka kwenye utumbo inapita kwanza kwenye ini, nalo huchambua sehemu ya dawa kabla haijasambaa mwilini. Mofini, dawa kali ya maumivu, ikimezwa, takriban theluthi moja tu ndiyo hufika kwenye damu ya mwili mzima, ndiyo maana dozi yake ya kumeza ni kubwa kuliko ya sindano. Lakini metronidazoli, flukonazoli na levofloksasini hufyonzwa karibu zote. Mtu anayeweza kumeza, hatapiki na tumbo lake linafyonza vizuri, akichomwa dawa hizo mara nyingi haongezi chochote ila maumivu na gharama.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ugonjwa ambao kwa miaka mingi madaktari waliamini hauwezekani bila sindano. Waliomeza antibayotiki katika wiki 6 za mwanzo hawakuwa na matokeo mabaya kuliko waliochomwa.

Sindano ina mahali pake, tena pakubwa: aliyepoteza fahamu, anayetapika kila kitu, mwenye malaria kali au maambukizi yaliyoenea kwenye damu. Antibayotiki ya jentamisini nayo haifyonzwi na utumbo, kwa hiyo kuimeza hakusaidii ugonjwa ulio kwenye damu. Vankomisini, antibayotiki nyingine, ni kinyume chake kwa namna ya kuchekesha: kwa aina fulani ya maambukizi ya utumbo mpana, ni lazima imezwe, kwa sababu ikichomwa haifiki ya kutosha ndani ya utumbo.

Dhana: Dripu inaongeza damu na nguvu

Soma maandishi kwenye chupa. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yana gramu 9 za chumvi kwa lita, na nishati yake ni sifuri. Glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari kwa lita, yaani kilokalori 200 hivi. Hiyo haifiki hata mlo mmoja wa maana.

Damu je? Maji ya chumvi hayakai kwenye mishipa. Baada ya muda mfupi, takriban robo tu ndiyo hubaki humo, mengine huvuja kwenda kwenye tishu. Ukipima wingi wa damu muda mfupi baada ya dripu, unaweza kuukuta umeshuka, kwa kuwa damu imezimuliwa. Anayehitaji damu huongezewa damu. Dripu huokoa aliyeishiwa maji, kama daktari Thomas Latta alivyoonyesha kwa wagonjwa wa kipindupindu huko Uskoti mwaka 1832. Kwa mwenye moyo au figo dhaifu, maji hayohayo yakizidi huishia kwenye mapafu.

Dhana: Dawa ikisukumwa haraka, nafuu nayo huja haraka

Ndugu wa mgonjwa humlaumu nesi kwamba anachelewesha, na wengine hufungua kidhibiti cha matone wenyewe. Wasithubutu. Gramu 1 ya vankomisini hutiririshwa kwa dakika 60 au zaidi; ikikimbizwa, uso na shingo huwaka wekundu, ngozi huwasha, na presha yaweza kushuka. Potasiamu ikisukumwa bila kuzimuliwa inaweza kusimamisha moyo.

Halafu kuna adenosini, inayotumika kutuliza aina fulani za mapigo ya moyo yaendayo mbio. Hii ukiisukuma polepole umeipoteza, maana nusu yake hutoweka kwenye damu kwa chini ya sekunde 10. Huchomwa kwa sekunde 1 au 2, na papo hapo maji ya chumvi husukumwa nyuma yake. Mgonjwa huhisi kifua kikibana, mstari kwenye skrini hulala kwa sekunde chache za kutisha, kisha mapigo hurudi kwenye mpangilio.

Dhana: Ya sindano haigusi tumbo wala ini

Diklofenaki, dawa ya maumivu, huumiza tumbo hata ikichomwa, kwa sababu inazuia kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo, nayo inafika huko kupitia damu. Ini pia haliepukwi. Dawa huruka ule mpito wa kwanza tu, kisha damu huirudisha kwenye ini tena na tena.

Dhana: Dozi moja ikiruka si kitu, dawa bado imo mwilini

Inategemea dawa. Penisilini ya kuchoma mshipani hupungua kwa nusu kila dakika 30 hivi, figo zikiwa nzima, ndiyo maana nesi humwamsha mgonjwa usiku. Seftriaksoni huchukua saa 8 hivi, kwa hiyo mara nyingi mara moja kwa siku inatosha. Figo zikidhoofika, hesabu hubadilika: jentamisini hurundikana na kuumiza masikio na figo zenyewe.

Dhana: Kiputo cha hewa kwenye mrija kinaua

Vile vidogo vidogo hunaswa na mapafu na kufyonzwa. Hatari ni hewa nyingi. Mwite muuguzi, lakini usichomoe mrija kwa hofu.

Dhana: Kanula ibaki, huenda ikahitajika

Kanula, yaani kijimrija kinachoachwa ndani ya mshipa, ikiwa haitumiki ni njia ya bakteria kuingia kwenye damu. Uliza kila siku kama bado ina kazi. Mahali ilipo pakiuma, pakivimba, pakiwa pekundu, au mshipa ukiwa mgumu kama kamba, sema mara moja, hata kama dripu bado inatiririka.